Pekupeku ya Dukani

Kwa miaka kadhaa baada ya 2009, nyayo za watu wa Bonde la Ufa zilikuwa habari ya dunia. Mwaka huo mwandishi Mmarekani Christopher McDougall alitoa kitabu chake, Born to Run, kuhusu Wararámuri wa milima ya kaskazini mwa Mexico, wanaokimbia masafa marefu wakiwa wamevaa ndara za tairi na kamba. Januari 2010 jarida la Nature likachapisha utafiti wa Daniel Lieberman wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake, waliopima namna wakimbiaji wa Kenya na Marekani wanavyotua chini. Haukupita muda, watu wa Boston na London wakawa wananunua viatu vya soli nyembamba, vingine vimeshonewa kila kidole chumba chake, kwa dola mia moja hivi kwa jozi. Vikaitwa viatu vya pekupeku, na kwa jina hilo vikabebeshwa matumaini mengi.

Sisi tuliokulia vijijini tulisikia habari hizo kwa mshangao wa namna yake. Wengi wetu tulikwenda shule miguu mitupu, viatu vikingoja Jumapili au sikukuu ya Idi, na siku mtu alipoanza kuvaa viatu kutwa nzima, mji mzima ulijua kwamba mambo ya kwao yamekaa sawa. Leo mtu wa mbali anatamani unyayo wetu. Anautamani kwa dhati, na sioni sababu ya kumbeza. Ila katika yale anayoambiwa, na katika yale ambayo sisi wenyewe tunamwitikia kwa fahari, kuna mengi yasiyo ya kweli, na karibu yote yana mzizi mmoja: kiatu kinapewa sifa ambayo ni ya maisha. Unyayo wa mtu aliyetembea pekupeku tangu utotoni umejengwa na miaka, ardhi na mwendo. Hakuna soli, nene wala nyembamba, iliyowahi kubeba miaka hiyo ndani yake.

Nianze na utafiti wenyewe, kwa kuwa unatajwa sana na kusomwa kidogo. Lieberman na wenzake walionyesha kwamba mtu anayekimbia akitanguliza kisigino hupata mshtuko wa ghafla unaofikia mara moja na nusu hadi mara tatu ya uzito wa mwili wake, tena ndani ya sehemu moja ya ishirini ya sekunde. Waliozoea kukimbia pekupeku, wakiwemo wanafunzi wa Bonde la Ufa, mara nyingi walitua kwa sehemu ya mbele ya unyayo, na mshtuko ule wa ghafla haukuonekana kwenye vipimo. Utafiti uliishia hapo. Haukuhesabu majeruhi, wala haukumwelekeza mtu yeyote akimbie vipi, na watafiti wenyewe walilitamka hilo waziwazi. Habari ilipofika madukani ilikuwa imeshageuka ahadi: vaa hiki, utakimbia kama Mkenya, na goti halitakuuma tena.

Mkenya yupi? Mwaka 2013 Kevin Hatala na wenzake walitoa vipimo vya Wadaasanach, wafugaji wa karibu na Ziwa Turkana, kaskazini kabisa mwa Kenya, watu waliokua bila viatu. Walipoombwa wakimbie kwa mwendo ambao wangeuhimili muda mrefu, asilimia 72 walitanguliza kisigino. Nchi ni ile ile, pekupeku ni ile ile, na bado walitua kinyume cha wale vijana wa Bonde la Ufa. Walipoongeza kasi, baadhi yao walibadili. Namna ya kutua inategemea kasi, inategemea kama chini pana mchanga au murram iliyoshindiliwa, inategemea pia kama mtu amezoea kukimbia au siku zake nyingi anatembea nyuma ya mifugo. Kumfanya mwanafunzi wa Eldoret na mfugaji wa Turkana kuwa mguu mmoja ni uvivu wa fikra, na uvivu huu unaniudhi kwa sababu unatufuta tukiwa tunasifiwa.

Wamasai wanaujua uvivu huu tangu zamani. Mwaka 1996 mhandisi wa Uswisi, Karl Müller, alileta sokoni viatu vilivyoitwa Masai Barefoot Technology. Soli yake ilikuwa nene, imebinuka mbele na nyuma, ili anayevivaa ayumbe kidogo na misuli yake ifanye kazi kujisimamisha. Huenda kuna waliofaidika navyo. Lakini Mmasai wa Longido anayekwenda mnadani alfajiri yuko juu ya kipande cha tairi, na chini yake hakuna kinachoyumba. Katika viatu vyote nilivyowahi kuvishika, sijaona kilicho mbali na mguu wake kuliko hicho kilichochukua jina la watu wake.

Turudi kwa mkimbiaji. Yuko anayeamini kwamba akitua kwa mbele ya unyayo, mzigo umeondoka. Mzigo hauondoki, unahama. Goti linapumua, lakini misuli ya shavu la mguu, kano ya kisigino na mifupa myembamba iliyo nyuma ya vidole ndiyo inayopokea. Kwa mtu aliyevaa viatu vyenye kisigino kilichoinuliwa tangu utotoni, kano hiyo haijawahi kuvutwa kiasi hicho na mifupa hiyo haijawahi kubebeshwa kazi hiyo. Misuli hujibu mazoezi ndani ya wiki chache. Mfupa huenda polepole zaidi, na haumpi mtu taarifa mapema. Anajisikia vizuri, anaongeza kilomita, kumbe ndani mambo yanaharibika.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Brigham Young, wakiongozwa na Sarah Ridge, waliyaona haya kwa picha. Mwaka 2013 walieleza habari za wakimbiaji wazoefu 36. Baadhi walibaki na viatu vyao vya kawaida, na 19 walihamia viatu vya vidole kwa muda wa wiki kumi, wakifuata ratiba ya kuongeza taratibu. Mwishoni, 10 kati ya hao 19 walionekana kuwa na uvimbe kwenye uboho wa mifupa ya miguu, ile dalili inayoweza kutangulia mfupa kupata ufa. Nasisitiza kwamba walikwenda taratibu, au walidhani wanakwenda taratibu. Wiki kumi ni nyingi kwa mwenye haraka, lakini kwa mfupa uliokaa ndani ya kiatu laini miaka thelathini ni chache mno. Yule mwanafunzi wa Bonde la Ufa alipewa na ardhi yake kipindi cha utoto mzima kufanya mabadiliko hayo hayo.

Kampuni ya Vibram, iliyotengeneza viatu hivyo vya vidole, ilishtakiwa nchini Marekani mwaka 2012 kwa kutangaza faida za kiafya zisizo na ushahidi wa kutosha. Mwaka 2014 ilikubali kutenga dola milioni 3.75 kumaliza shauri, bila kukiri kosa. Baada ya hapo upepo uligeuka. Waliokuwa wakiviimba viatu hivi wakaanza kuviita ulaghai, na wengi wakahamia viatu vilivyojazwa sponji zaidi kuliko vya mwanzo.

Nao hawakutenda haki. Wakati mkimbiaji anavitupa viatu hivyo kabatini, watafiti wa Liverpool waliwapa watu wa kawaida viatu vya soli nyembamba wakavivaa katika shughuli zao za kila siku kwa miezi sita. Hawakupewa mazoezi ya ziada wala hawakuambiwa wakimbie. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha nguvu ya miguu yao imeongezeka kwa asilimia 57. Mguu una mifupa 26 na misuli midogo mingi inayofanya kazi ikiachiwa nafasi, na kwenda kazini, sokoni na kurudi ni kazi ya kutosha. Nadhani kosa kubwa kuliko yote lilikuwa kuvikabidhi viatu hivi kwa wakimbiaji, watu wenye haraka, wakati mahali pake pa kwanza palikuwa kwenye mwendo wa pole wa mtu anayetembea.

Jambo jingine wanalolikosea walio mbali na walio karibu ni sugu. Tumelelewa kuionea haya. Mabinti husugua visigino kwa jiwe mpaka vinang'aa, na magaga ni neno la kumchekea mtu. Wengine hudhani ngozi ngumu ni ngozi iliyokufa ganzi. Mwaka 2019 Nicholas Holowka, Lieberman na wenzao, waliopima watu 81 wa Kenya, walieleza kwamba sugu nene haipunguzi hisia ya unyayo mtu anapotembea. Ngozi hiyo inalinda, na kwa kuwa ni ngumu inapitisha mtikisiko wa ardhi hadi kwenye neva zilizo chini yake. Soli laini hufanya vingine: hupunguza ukali wa mshtuko wa mwanzo, lakini huurefusha mgandamizo wenyewe, na mtembeaji hapati habari kamili za anachokanyaga. Bibi anayeshuka mlimani na kuni kichwani, akijua kwa unyayo jiwe lipi litateleza kabla hajaliwekea uzito, anatumia elimu iliyo hai.

Sasa, kiatu cha pekupeku ni kipi hasa? Wengi hudhani ni chochote chenye soli nyembamba, na hapo kandambili hupewa cheo kisicho chake. Mwaka 2015 Jean-François Esculier alikusanya maoni ya wataalamu 42 wa nchi 11, wakakubaliana vipimo vitano: kiatu kikunjike kwa urahisi, kiwe chepesi, soli isiwe nene, kisigino na vidole viwe karibu usawa mmoja, na pasiwe na vizuizi vya kuuelekeza mguu. Mimi ningeongeza la sita, ambalo kwa mtembeaji ni kubwa kuliko mengine: upana wa mbele, ili vidole vikae vilivyoumbwa kukaa. Kandambili ni nyepesi na inakunjika, lakini haiushiki mguu. Vidole hulazimika kuibana kila hatua isiponyoke, na mwendo unageuka wa kuburuza. Viatu vya wanawake vya kuchomeka, vyembamba na bapa, huwa vimechongoka mbele hadi kidole gumba kinasukumwa juu ya mwenzake. Wembamba wa soli haukisaidii kidole hicho.

Na akala, ambazo Tanzania tunaziita katambuga? Nimekaa mara nyingi kwenye benchi la fundi anayezitengeneza, na ufundi ule unastahili kutazamwa kwa makini. Anakuwekea kipande cha tairi chini, anasema, "Kanyaga." Ukiweka mguu kwa kujishikashika anakuambia usimame sawasawa, uzito wote uwe pale. Anazungushia chaki. Kisha anachovya kisu kwenye kopo la maji, maana mpira mkavu hukishika kisu, na anakata nje kidogo ya mstari. Kanda zinatoka kwenye mpira mwembamba. Anazipitisha, anakuvalisha, anavuta hadi uone zimekaa, ndipo anazigongelea misumari midogo na kuipinda ncha kwa ndani. Ukivipimia viatu hivyo vipimo vya Esculier, katika viwili vinashinda vizuri: vipo sawa kisigino na vidole, na havina cha kuuelekeza mguu. Katika vitatu vinashindwa. Ni vizito, ni vinene, na vingine havikunjiki hata ukivikanyagia ukutani. Kwa hiyo Mmarekani anayedhani akala ni kiatu cha pekupeku cha asili amekosea, na Mtanzania anayedhani ni kiatu duni cha asiye na kitu amekosea zaidi. Katika kipimo changu cha sita hakuna kiatu cha dukani kinachoishinda, kwa sababu hiyo katambuga ilikatwa kwa mguu uliosimama, nao mguu ukibeba uzito hurefuka na kutanuka.

Huwezi kuzungumza haya bila mtu kukutajia Abebe Bikila. Mhabeshi huyo alishinda mbio za marathoni za Olimpiki ya Roma, Septemba 10, 1960, miguu mitupu, kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16, na tangu hapo amefanywa shahidi wa pekupeku. Lakini viatu alivyopata Roma havikumkaa vizuri, na kwa kuwa mguu wake uliijua kazi, akaviacha. Miaka minne baadaye, Tokyo, akiwa ametoka kufanyiwa upasuaji wa kidole tumbo wiki chache kabla, alishinda tena akiwa amevaa viatu na soksi, na akapunguza dakika tatu nzima. Eliud Kipchoge naye, mtoto wa Nandi, alipokimbia marathoni chini ya saa mbili mjini Vienna tarehe 12 Oktoba 2019, alikuwa juu ya soli nene iliyotiwa bamba la kaboni. Viatu vya aina hiyo ndivyo vilivyofanya shirikisho la riadha la dunia liweke kikomo cha milimita 40 mwaka uliofuata. Mwanariadha anayelipwa kwa sekunde huchagua kinachompa sekunde. Huko Colorado, timu ya Rodger Kram ilipima mwaka 2012 ikaona kwamba ukisawazisha uzito, kukimbia pekupeku kunakula nguvu zaidi kidogo kuliko kukimbia na kiatu chepesi chenye soli laini. Unyayo ulioimarika utotoni na kiatu cha siku ya mashindano ni mambo mawili, na Bikila alikuwa nayo yote mawili.

Ethiopia hiyo hiyo ya Bikila ina watu wengi wanaougua podokoniosi. Huu ni ugonjwa wa kuvimba miguu unaofanana na matende, ila hauletwi na mbu. Unaletwa na udongo mwekundu wa milima ya volkano: chembechembe zake hupenya kwenye ngozi ya mkulima anayelima pekupeku mwaka hadi mwaka, na njia za limfu huziba. Upo Rwanda, upo Uganda, upo Kamerun. Hauambukizi, lakini wenye nao hutengwa, hukosa wachumba, huacha kwenda ibadani. Kinga yake ni maji, sabuni na kiatu. Minyoo ya safura nayo hupanda kupitia ngozi ya mguu kwenye udongo wenye unyevu, ikanyonya damu ya mtoto hadi anasinzia darasani. Haya mtu asiyaite maisha ya asili mbele yangu.

Tena hata hoja ya kwamba babu zetu walitembea pekupeku na hawakudhurika inahitaji tarehe. Funza hakuwa mdudu wa Afrika. Alitoka Amerika ya Kusini, akateremka Angola mwaka 1872 kwa meli iliyotoka Brazil, kisha akasafiri na misafara kuvuka bara hadi huku kwetu kabla karne haijaisha. Babu wa babu yangu aliikanyaga ardhi isiyo na funza. Mtoto wa leo mwenye vidole vilivyoliwa mpaka hawezi kushika hatua anaikanyaga ardhi nyingine. Na mgonjwa wa kisukari ambaye neva za miguu zimepoteza hisia asishawishiwe na mtu yeyote kuacha kiatu cha kumlinda, maana kidonda kitaingia bila yeye kuhisi.

Kwa sababu hizo zote naona mjadala mzima ungehamia kwa watoto, ambao mifupa yao bado inajijenga. Mwaka 1992 madaktari Rao na Joseph walichapisha uchunguzi wa watoto 2,300 wa India, wenye umri wa miaka 4 hadi 13. Miongoni mwa waliozoea kuvaa viatu, asilimia 8.6 walikuwa na nyayo bapa. Miongoni mwa wasiovaa, asilimia 2.8. Unyayo bapa usiouma si ugonjwa, na mzazi asikimbilie kununua viatu vya kuunyanyua. Lakini tofauti ile inaonyesha kwamba upinde wa unyayo hujijenga kwa kufanya kazi. Mtoto anayecheza pekupeku kwenye sakafu iliyofagiwa, kwenye mchanga wa pwani, kwenye uwanja usio na misumari wala chupa, hapungukiwi na chochote. Mama anayemwambia jirani kwa aibu, "Samahani, hajavaa viatu," hana la kuombea samahani.

Januari, shule zikifunguliwa, tunawanunulia viatu vyeusi vigumu, vimebanwa mbele, kisigino kimeinuliwa, soli haikunjwi hata na mtu mzima. Tunachagua kikubwa kwa namba mbili ili akue nacho. Humo mguu unateleza mbele kila hatua, na pale kiatu kinapokunjika sipo vidole vinapokunjika. Wenye viwanda wangeweza kutengeneza kiatu cha shule cheusi, kilichofungwa, kinachozuia funza na udongo, na bado kikawa kipana mbele na bapa chini. Hakihitaji jina la kigeni wala bei ya dola mia.

Hadi hapo kitakapopatikana, boksi tupu linatosha. Msimamishe mtoto juu yake, uzito wote uwe pale, uzungushie kalamu, ukate, uongeze upana wa kidole chako kimoja mbele, uende nalo dukani au mnadani. Boksi likijikunja pembeni ukiliingiza kwenye kiatu, kirudishe, hata kama muuzaji anaapa kwamba kitatanuka. Pima jioni, kwa kuwa mguu huvimba kidogo kutwa, na upime miguu yote miwili, maana mara nyingi mmoja humzidi mwenzake, na huo mkubwa ndio wa kununulia.